Video Iliyobadili Namba

Watu wa mtaa wetu wa Katuba wananiogopa kidogo, na wana haki. Nina kompyuta moja, mashine moja ya fotokopi na waya wa kila aina ya simu, na kupitia waya hizo nimeona mambo ambayo hata padri katika kitubio hajapata kuyasikia. Mtu anakuja na simu yake, anataka video za harusi ziingie kwenye clé, kile kijiti cha USB, ili familia izitazame kwenye televisheni. Nyumbani ameshazikata vizuri. Pale shemeji alipoanguka na chupa mkononi ametoa, pale shangazi alipotia kuku mzima kwenye mkoba ametoa. Anakaa kwenye kiti changu cha plastiki, ametulia, anajua aibu yote imekwisha kutupwa. Mimi nachomeka waya, nafungua, na shangazi yuko palepale na kuku wake.

Siri yenyewe si kubwa. Simu hizi za bei kali, ukikata video, hazitupi kitu. Ile ya kwanza zinaiweka pembeni, nzima kama ilivyopigwa, na ile uliyokata zinaipa jina lingine: namba ni ileile, lakini mbele ya namba inasimama herufi E, kuonyesha kwamba hii imeguswa na mkono wa mtu. Kwenye kioo cha simu unaiona moja tu. Waya hauna adabu, unatoa zote mbili. Wateja wakiona jina limebadilika wananiuliza kwa nini, nami nawajibu kulingana na nilivyoamka. Mmoja nilimwambia ni virusi. Mwingine, aliyekuwa ananipigia kelele tangu mlangoni, nilimwambia kompyuta yangu huwapa alama waongo, na alitoka bila kuaga.

Lakini kazi ina heshima yake. Nachukua zile zenye E, kwa kuwa ndizo mteja anazozitaka, na zile nyingine sizitaji. Mimi Adija, binti wa watu wa Maniema, nimekaa Katuba miaka ishirini na sita na sijavunja ndoa ya mtu hata moja. Nafasi nimezipata nyingi.

Ndipo akaja Pasta Elisée.

Elisée ni mtoto wa kwanza wa mzee Anaclet, jirani yangu wa barabara ya pili. Alibatizwa Katoliki kama ukoo wao wote, akahamia kanisa la uamsho, na siku hizi anahubiri kwa sauti inayofika hadi sokoni. Mama yake, Mama Chileshe, alifariki mwezi wa tatu, wiki kumi tu baada ya yeye na mzee kusherehekea jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Jumamosi ile familia ilikuwa inaondoa matanga. Elisée alikuwa amezipiga mwenyewe video sita za jubilei, akataka nizitie kwenye clé, ili Jumamosi watu wamwone marehemu akitembea, akicheza, akikata keki.

Nilichomeka waya. Video sita, lakini majina saba. Elisée ana macho makali, aliona kabla sijazungusha kioo. Akauliza ile moja inatoka wapi. Kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu, sikumdanganya, nilimweleza habari ya E kama nilivyoieleza hapa. Uso wake ulibadilika. Ile video ya mama yake na maikrofoni aliikata siku ileile ya jubilei, kabla ya kuirusha kwa waumini wake, na tangu siku hiyo aliamini kipande alichotoa kimekwenda mahali vinapokwenda vitu vilivyofutwa.

"Mama Adija," akasema taratibu, "ile ingine usionyeshe muntu. Usipe muntu. Mama yangu alikuwa mama ya sala, na njo vile nataka bantu bamukumbuke."

Niliweka mkono kifuani nikaahidi: sitamwonyesha mtu, sitampa mtu. Nadhani alitaka pia kuniambia niifute, lakini simu ikalia. Kulikuwa na muumini wake huko Kasungami amepandwa na pepo, na pepo hazisubiri. Akachukua clé yake na simu yake, akaondoka mbio.

Lakini video zote saba zilikuwa zimebaki kwenye kompyuta yangu, basi niliitazama. Anayesema yeye asingeitazama, aje aniambie usoni. Nilicheka peke yangu mle dukani, halafu nikaacha kucheka, nikaenda kuwasha mashine ya fotokopi bila kuwa na karatasi ya kunakili.

Siku ya Jumatano, jua likikaribia utosini, mzee Anaclet aliingia amevaa koti zima, ingawa joto lilikuwa la kuvunja mawe. Mkononi alikuwa na clé ileile, ameifunga kwenye leso. Aliiweka mezani kwangu, akaifungua leso pembe moja moja, halafu akatoa daftari mfukoni akaliweka kando yake.

Inabidi mjue mzee huyu alikuwa nani. Miaka thelathini na moja alikuwa pointeur kwenye reli, yaani mtu anayetembea kando ya treni na daftari, akiandika namba ya kila behewa, la kwanza hadi la mwisho, mvua inyeshe, jua liwake. Pensheni ilimtoa kwenye reli lakini haikumtoa kwenye daftari. Anaandika namba za mita ya umeme, namba za chupa za gesi, namba za basi alilopanda kwenda mjini. Siku ya jubilei, baada ya keki, alimwambia Elisée amsomee kwenye simu namba za video zote sita, akaziandika. Watu walimcheka. Aliwaacha wacheke.

Sasa aliniwekea kidole kwenye ukurasa. Jana alikuwa ameitia clé kwenye televisheni, akalinganisha orodha na daftari. Video tano zilikuwa na namba zake sawasawa. Ya sita, 2093, ilikuwa imefika na E mbele.

"Mama Adija, wagon ikitoka hapa na namba yake, inafika Kamina na namba ileile. Ikifika na namba ingine, haiko rangi tu njo ilibadilika. Muzigo iliguswa."

Nikamwambia kompyuta ni kama ofisi ya serikali, kila kinachoingia kinagongwa muhuri wake. Akasikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akauliza kwa nini zile tano nyingine hazikugongwa. Nikasema labda wino uliisha. Hakucheka. Akanisimulia jinsi mwaka mmoja alivyolikataa behewa la unga kwa sababu namba yake ilikuwa na rangi mbichi. Wakubwa walimzomea, wakamwambia akalale. Yeye akakaa juu ya reli mbele ya behewa, hadi wakafungua mlango kwa hasira. Mbele kulikuwa na safu mbili za magunia ya unga. Nyuma yake lote lilikuwa mchanga.

 Nimewadanganya watu wengi kuhusu hiyo E, lakini huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeielewa bila kuelezwa, na ndiye pekee niliyekatazwa kumwambia. Nikamuuliza, mzee wangu, hata kama mzigo umeguswa, dakika moja ya video ina nini? Mama tunamwona, anapendeza, anamshukuru Mungu.

Hapo akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka kofia yake magotini.

Alianza kwa kunieleza jambo nililolijua nusu. Mama Chileshe alikuwa wa ukoo wa Mamba, na mzee ni wa ukoo wa Samaki, watu wa kule Pweto. Mamba na Samaki ni watani. Sisi wa Maniema tunao utani wetu, lakini wao wanao wa kwao, wanauita bunungwe, na hauna mchezo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya askofu na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Wanaoana pia, ndiyo maana ndoa ile ilikuwa miaka hamsini ya kurushiana maneno. Yeye akimwita mke wake meno mengi, mke akimwita kitoweo. Na mtani akifa, mtani wake ndiye anayekuja kilioni kumtania: anaiga mwendo wake, anaficha sufuria za waombolezaji, anataja maovu yake yote hadi watu wanacheka katikati ya machozi. Wenyewe wanasema marehemu asiyetaniwa anaondoka kama mgeni ambaye hakuna aliyemsindikiza.

Siku ya maziko ya Chileshe, zamu ilikuwa ya mzee Anaclet. Alisimama, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Watu wa Mamba walimhurumia, wakampa muda hadi kuondoa matanga. Muda huo ulikuwa unaisha Jumamosi. Chomba, mdogo wake marehemu, alikuwa anatoka Kasumbalesa kuja kudai jibu.

"Jibu ya nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Njo ile sijue," akasema. "Ile siku ya jubilé alikamata micro, akasema kintu, bantu bote bakacheka. Na miye nikacheka. Lakini sikusikia."

Sikio lake la kulia liliuawa na honi za treni, Katuba nzima inajua hilo. Chileshe alisimama upande huohuo, na spika kubwa ya kukodi ikimnguruma mzee mgongoni. Usiku ule alimuuliza mke wake amesema nini. Mama Chileshe akamjibu kwamba mtu hacheki kitu asichokisikia, na kama alicheka basi alisikia. Kesho yake akamuuliza tena, jibu likawa lilelile. Wiki kumi nzima yule mama alimnyima, akifurahia, kila akimpakulia bukari, huo ugali wetu, anamwangalia na kutabasamu. Kisha damu ikapanda, siku mbili, akaondoka nalo.

Aliwauliza watoto. Elisée alisema Mama alimshukuru Mungu. Aliwauliza majirani, na kumbe Elisée alishapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wasimtie mzee uchungu, nao wakasema Mama alimshukuru Mungu.

"Bote banasema alishukuru Mungu," mzee akasema. "Mama Adija, myaka makumi tano, ule mwanamuke hata siku moja hakushukuru Mungu wakati miye nasimama mbele yake. Alinirushia kintu na miye sikurudisha. Jumamosi nikibaki kimya, njo imekwisha, sitamujibu tena."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Si kwa mzee, kwa yule mtoto wake mwenye maikrofoni. Mtu anawatoa pepo Kasungami, lakini baba yake anazunguka mtaa mzima akitafuta neno la mwisho la mke wake kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Nilitaka kumwonyesha papo hapo. Lakini ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimeweka mkono kifuani. Sitamwonyesha mtu, sitampa mtu.

Kwa bahati msikitini wakaadhini adhuhuri.

Niliwasha kioo. Nikafungua ile folda, video saba zikajipanga, zile mbili zikikaa bega kwa bega. Nikamwambia mzee kwamba naenda nyuma ya pazia kusali, na mimi nikisali siharakishi. Nikamwomba alinde duka. Nikamwambia mashine iko wazi, asiiguse kabisa. Hasa hasa, kwa jina la Mungu, mshale ule asiupeleke kwenye namba iliyo katika daftari lake, na asije akabonyeza mara mbili.

 Mzee akavaa miwani.

Shahidi wangu ni Mwenyezi: sikumwonyesha, sikumpa. Nilimkataza.

Nilikuwa katika rakaa ya pili niliposikia muziki wa jubilei, kisha makelele ya watu, kisha sauti ya Mama Chileshe, pana, yenye kukwaruza kidogo, kana kwamba anaita mtu upande wa pili wa barabara.

"Banasema nishukuru Mungu juu ya bwana yangu. Namushukuru." Hapo ndipo Elisée alipokata. Lakini mama aliendelea. "Lakini munisikie, bantu ya Samaki. Huyu muntu wenu, myaka makumi tano, hajue chumvi inakalaka wapi mu nyumba yake. Nikitangulia kufa, njo atakula bukari na machozi yake, juu machozi iko na chumvi yake. Anaclet. Chumvi iko wapi?"

Na kicheko kikalipuka, watu mia na zaidi. Kisha kimya. Kisha muziki ukaanza upya tangu mwanzo.

Rakaa zilinipotea. Nikaanza tena, Mungu anisamehe, na mara ya pili nazo zikanipotea, kwa sababu mzee aliirudia mara tatu na mara zote tatu hakutoa sauti. Nilipotoka nyuma ya pazia nilimkuta ameinama, sikio lake la kushoto amelibandika kwenye spika. Kwenye kioo alionekana yeye mwenyewe nyuma ya mke wake, na suti yake ya jubilei, akicheka kwa moyo wote, akitikisa kichwa na kupiga makofi, akikubali kila neno.

"Ule anacheka pale, njo miye?" akaniuliza.

"Njo weye, Papa."

"Mujinga," akasema. Akafunga daftari, akavaa kofia, akanishukuru kwa kumwachia kiti, na akatoka bila kuomba nimtilie video ile kwenye clé. Nilikuwa nimeshaandaa namna ya kumkataza na hilo pia.

Ijumaa asubuhi alikuja Plamedie, mjukuu anayekaa naye na kumpikia, kunakili karatasi za nyimbo za misa. Alikuwa amenuna. Alinisimulia kwamba babu yake amemfukuza jikoni. Alimwambia aende akalale kwa shangazi yake, asirudi hadi Jumamosi. Yeye alipochungulia dirishani alimwona mzee amepiga magoti sakafuni na makopo yote ameyashusha, anafungua moja moja, ananusa, anaonja kwa ncha ya kidole, anaandika kwenye daftari. Plamedie alihofu kwamba uchungu umempanda kichwani. Nilimwambia amwache, mwanamume kujifunza jiko lake si ugonjwa, hata kama amechelewa kidogo.

Jumamosi nilifunga duka, nikajifunga kitenge changu kizuri nikaenda. Kwenye parcelle, uwanja wa nyumba ya mzee, walikuwa wamefunga turubai, viti vya kukodi vimejaa hadi barabarani. Watu wa Mamba walikaa upande mmoja, weusi tii kwa nguo za kilio walizokuja kuzivua. Watu wa Samaki walikaa upande wa pili. Chomba alikuwa mbele, mtu mfupi mwenye kifua cha mbebaji, amekunja mikono. Televisheni ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na kando yake picha ya marehemu.

Elisée aliiongoza shughuli vizuri, sitamnyima sifa yake. Video zikapita moja baada ya nyingine. Mama Chileshe akiingia kanisani. Mama Chileshe akicheza na wajukuu. Halafu ile ya mwisho: anashika maikrofoni, anasema banasema nishukuru Mungu juu ya bwana yangu, namushukuru, na papo hapo keki. Watu wakasema amina. Niliona mama wawili wa Mamba wakitazamana, kwa sababu wao walikuwepo siku ile na walijua kwamba keki haikuja haraka hivyo.

Elisée alipofumba macho kuanza sala ya kufunga, Chomba akasimama.

"Pasteur, ngoja kidogo. Dada yetu alikwenda na maneno ya bantu ya Samaki haikutoka. Leo tunavua kilio. Samaki iko na kintu ya kumujibu, ao tumuambie ashinde?"

Elisée alianza kusema kwamba mambo ya mababu yana mahali pake, na kwamba familia ilishakubaliana. Lakini mzee Anaclet alikuwa ameshanyanyuka. Alitembea hadi mbele ya picha ya mke wake, akavuta koti lake likae sawa, akakohoa. Nilishika pindo la kitenge changu kwa mikono yote miwili. Kule makaburini alisimama vivyo hivyo, na sauti haikutoka.

"Chileshe," akasema. "Muke ya ukoo ya Mamba. Uliniuliza kintu mbele ya bantu, na miye nikacheka, juu sikusikia. Sasa nilisikia. Ulisema sijue chumvi inakalaka wapi mu nyumba yangu. Ulisema ukitangulia, nitakula bukari na machozi. Ukaniuliza, Anaclet, chumvi iko wapi?"

Upande wa Mamba ulivuma. Waliokuwepo walikumbuka, wasiokuwepo waliulizana, na kicheko kikaanza kutambaa kutoka kiti hadi kiti. Pasta Elisée alinigeukia polepole. Mimi nilikuwa natengeneza kilemba changu, kilikuwa kimelegea sana.

Mzee akainua mkono, wakanyamaza.

"Ni kweli, sikujua. Jana nilifungua makopo kumi na ine. Chumvi iko mu kopo ya maziwa, nyuma ya mafuta. Na nyuma ya chumvi, bantu ya Mamba, munisikie vizuri, nilikuta sukari. Paketi tatu. Myaka munane dada yenu ananiambia docteur alikataza, sukari haiingiake tena mu nyumba hii. Chai yangu ilikuwa ya kilio kila asubuyi, na yake ilikuwa tamu. Munaona hii picha? Munaona gisi anacheka? Njo sukari yangu ile. Muliniletea mwizi."

Mama wa Mamba walipiga vigelegele hadi turubai likatikisika. Wengine walilala chini na nguo zao za kilio, wakigaragara vumbini, na mmoja aliiendea picha ya marehemu akaitikisia kidole. Watu wa Samaki walipiga makofi, mtu wao amerudisha. Hata Elisée, ambaye alikuwa amebana midomo kwa nguvu zote za Roho, mabega yalianza kumcheza. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nilidhani imekwisha.

Lakini Chomba hakukaa. Mtani mzuri hakuachii usindikizwe na makofi yako mwenyewe.

"Vizuri. Chumvi uliona," akasema. "Na bukari? Ulikula na nini?"

 Mzee akasema jana, baada ya kuipata chumvi, alipika mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alisonga bukari, akapika sombe, yale majani ya muhogo, sufuria nzima, akatia chumvi, akakaa mezani peke yake akaonja.

"Ilikuwa gisi gani?" Chomba akauliza.

"Chumvi ilizidi."

"Ulitia ngapi?"

"Kijiko moya."

Wanawake wakaguna. Kijiko kimoja kwa sufuria nzima ya sombe hakiwezi kuzidi, hata mtoto anajua. Chomba akamwambia hivyo, kwa kejeli, akiwageukia watu wake ili wacheke naye.

"Najua," mzee Anaclet akasema. "Ile ingine sikuitia na kijiko."

Hakuna aliyecheka. Chomba alifungua mikono yake aliyoikunja tangu asubuhi, akaja, akamshika shemeji yake begani, na wote wawili wakasimama wakiitazama ile picha. Kisha akageuka, akatangaza kwa sauti ambayo haikuwa imara sana kwamba watu wavue nguo nyeusi, kilio kimekwisha, na dada yake ameshinda. Na mzee Anaclet, ambaye kwa miaka hamsini hakuwahi kumkubalia, hakubisha.